Nimezunguka nchi 10 za Ulaya kwa kempa: lami ipi ni mkeka na ipi inavunja sahani

#1 Utingo Mstaafu

Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite.

Naomba nianzie kabatini. Kwenye kempa yetu (gari lenye nyumba ndani), juu ya jiko, mama watoto amepanga vikombe vya bati, sahani za udongo alizokataa katakata kuziacha nyumbani, na chupa ya achari ya embe aliyoletewa na shemeji kutoka Tanga. Siku 38, kilomita 7,400, nchi 10, na kabati lile limepiga kelele karibu njia nzima. Sehemu lilizonyamaza ni chache na nitazitaja.

Kabla sijaja huku nilikuwa utingo wa lori, Dar hadi Tunduma. Ukikaa miaka minne juu ya mzigo, lami unaijua kwa kiuno kabla hujaiona. Kwa hiyo safari hii nilikuwa naandika kidaftari, kila mpaka tukivuka natia alama.

Gari lenyewe ni Ducato ya 2014, urefu mita 7, mwisho wa uzito kwenye kadi ni tani 3.5, na ina mkia mrefu sana nyuma ya ekseli. Nataja hayo kwa sababu mwenye gari dogo hawezi kuzielewa barabara ninazozisema. Gari dogo likipita kwenye kiungo cha zege linasema "tu" na yamekwisha. Kempa inakipokea kwa mbele, inakipokea tena kwa nyuma, halafu nyumba nzima inajibu: droo, mlango wa choo, majiko, hadi ndoo ya maji machafu huko chini.

Uholanzi (ninakoishi). Barabara kuu zao nyingi zimewekwa lami wanayoiita ZOAB. Kokoto zimeachiana nafasi, karibu sehemu moja ya tano ni tundu tupu, maji ya mvua yanazama ndani yanatokea pembeni. Mvua inamwagika, lori liko mbele yako, na halikurushii ule ukungu wa maji. Sauti ya tairi nayo inapungua. Ubaya wake ni kwamba haidumu kama lami iliyoshindiliwa, na baridi kali ikipiga kokoto zinaanza kung'oka mojamoja. Lakini wanaibandua na kuweka nyingine mapema. Kabati: kimya. Ukitoka barabara kuu ukaingia mitaani, matuta hayana idadi.

Ubelgiji. Hapa ndipo penye kesi. Breda kwenda Antwerp, tumevuka tu, mama watoto akaniuliza, "Umekanyaga nini?" Sijakanyaga kitu. Dum-dum, dum-dum, dum-dum. Mapande ya zege, kila kiungo kinakuhesabia. Tukaendelea kusini kwa E411, na kabla ya Namur kabati likafunguka lenyewe. Chupa ya achari ikashuka, ikadunda kwenye sinki, ikagoma kupasuka. Sahani mbili zikaenda na maji. Ubelgiji nikaipa namba ya mwisho hapohapo, kwa hasira.

Luxembourg: dakika 40 hivi, lami safi, dizeli bei nafuu kuliko majirani, nikajaza tangi. Sina zaidi.

Ufaransa. Za kulipia ni mkeka, hakuna ubishi, ila unalipia huo mkeka. Angalieni urefu wa gari kwenda juu: chini ya mita 3 na usizidi tani 3.5, unalipa daraja la 2. Ukifika mita 3, hata kwa sababu ya kiyoyozi au dishi ulilofunga juu ya paa, unahesabiwa daraja la 3 na bei inapanda. Mimi nilipima kwa futi kabla ya kuondoka: mita 2.88.

Siri ya Ufaransa ni A75, kutoka Clermont-Ferrand kushuka hadi karibu na Béziers. Kilomita zaidi ya 300, lami nzuri ajabu, na hulipi ila kwenye daraja la Millau. Inapanda hadi mita zaidi ya 1,100 kwenye kilele cha La Fageole, kisha unashuka mpaka unafika kwenye daraja lenyewe, linalokupeleka karibu kilomita 2 na nusu angani. Lilifunguliwa Desemba 2004. Pale juu kabati halikusema neno. Upepo ndio ulisema, nikashika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi.

Barabara za D, za mikoani, ni bahati nasibu. Nyingi nzuri, lakini kiangazi wanamwaga lami ya maji na kokoto juu yake, wanaweka kibao cha kutahadharisha, wanaondoka. Kazi ya kuzishindilia kokoto wanakuachia wewe na wenzio. Na matuta! Sheria yao ya 1994 inasema tuta lisizidi sentimita 10. Yule aliyejenga matuta ya vijijini huko Hérault sheria hiyo hakuwahi kuiona. Mkia wa kempa umekwangua mara tatu.

Hispania. Wakuu, Hispania ni mshindi wangu. Zile barabara zao za A, za bure, njia mbili kwenda mbili kurudi, lami nyeusi tii. AP-7 ya pwani nayo waliacha kutoza: kutoka Alicante hadi Tarragona tangu Januari 2020, na kutoka hapo hadi mpaka wa Ufaransa tangu Septemba 2021. Tulishuka nayo hadi Valencia. Mtoto alikunywa uji kwenye kikombe gari likiwa mwendo wa 90.

Italia. Kutoka Ventimiglia kwenda Genoa, A10, unatoka handaki unaingia daraja, unatoka daraja unaingia handaki. Lami ina viraka, kila daraja lina kiungo cha chuma mwanzo na mwisho, na kila kiungo ni kofi. Tulipita Genoa kwenye daraja jipya la San Giorgio, lililofunguliwa Agosti 2020 mahali lilipoanguka daraja la Morandi tarehe 14 Agosti 2018 na kuua watu 43. Ndani ya gari hakuna aliyeongea. Barabara za mkoa za Italia sitaki kuzizungumzia sana: kando ya bahari wamepanda misonobari mizuri ya kivuli, mizizi imeinua lami kama mgongo wa mamba.

Austria: nzuri, stika ya barabara unanunua, milima tele.

Ucheki. Niliogopeshwa sana kuhusu D1, ya Prague na Brno. Madereva wote wa zamani wanaikumbuka kwa mapande ya zege. Walimaliza kuikarabati 2021, sasa inapitika raha.

Polandi. Hapa nilishangaa. Mzee mmoja wa Kipoli kambini alinionyesha kwa kiganja jinsi lami yao ya zamani ilivyokuwa imetitia mifereji miwili kwa ajili ya malori. Nikamwambia baba, hata kwetu njia ya Mbeya ndiyo hiyohiyo. Tangu waingie Umoja wa Ulaya mwaka 2004 wamejenga kama wenda wazimu. Zile barabara za S, za mwendo kasi, ni mpya, pana, laini. Na vipande vya A2 na A4 vinavyoendeshwa na serikali ni bure kwa gari lisilozidi tani 3.5 tangu Julai 2023.

Ujerumani: mchanganyiko. Kipande mkeka, kipande zege linaloimba, kipande kimefungwa kwa ukarabati. Kilichonichosha ni matengenezo, njia zimebanwa kiasi kwamba kioo cha pembeni kinapumua.

Orodha yangu: Hispania, Uholanzi, Ufaransa ya kulipia, Polandi, Luxembourg, Austria, Ucheki, Ujerumani, Italia, Ubelgiji. Karibuni mnipinge.

---

#2 Kibao cha Mbuzi

Naweka kambi hapa. Achari imepona, hilo ndilo la msingi.

---

#3 Kivu_Liège

Ndugu yangu, mimi niko Ubelgiji mwaka wa 19 sasa, naendesha gari ya mizigo. Umetuonea kidogo.

Kwanza, Ubelgiji si nchi moja kwa mambo ya barabara. Wafleming wana serikali yao ya barabara, Wawaloni wana yao. Ukivuka mpaka wa lugha unaona lami inabadilika rangi. Mbaya zaidi zilikuwa za upande wetu, hiyo nakubali, lakini wametengeneza vipande vingi.

Pili, si kila zege ina viungo. Hapa tangu miaka ya 1970 wanamwaga zege yenye nondo zinazofuatana bila kukatwa, kilomita kwa kilomita. Ile haina dum-dum, ina mvumo tu: vuuuuu. Inakaa miaka 30, 40, malori yanapita na haititii kama lami. Dum-dum unayosikia ni ya mapande ya zamani, na sana kwenye barabara za N, zile za kawaida, na za vijiji, na pale kwenye madaraja. Sasa wewe unasema kabati imefunguka yenyewe kwenye E411. Mimi napita pale kila wiki na mayai. Mayai, ndugu. Hayapasuki.

Angalia gari yako.

---

#4 Kibao cha Mbuzi

Mayai dhidi ya achari. Uzi umeanza.

---

#5 BintiTanga_UK

Kaka Utingo, pole na sahani. Achari ni ya Tanga, ingepasukaje?

Mbona Uingereza umeikwepa? Au ulijua? Sisi tuna ka-Transit tulikokageuza wenyewe, kitanda, jiko, basi. Wanangu hucheza mchezo wa kuhesabu mashimo kuelekea shule na hawamalizi. Tatizo linajulikana: maji yanaingia kwenye ufa, usiku yanaganda na kupanuka, asubuhi yanayeyuka, lori linapita, kipande kinang'oka. Mvua yetu na baridi yetu ya kupanda na kushuka kila siku ni kama imetengenezwa kwa kazi hiyo. Nchi zenye baridi ya kweli inayoganda mwezi mzima bila kuachia, wala hazipati adhabu hiyo kila usiku.

Machi mwaka juzi niliingia shimo lililojaa maji, nikadhani ni kidimbwi. Rimu ikapinda, tairi ikapata uvimbe wa kama yai ubavuni. Nikaidai halmashauri (siitaji). Wakanijibu kwa barua nzuri sana, yenye kifungu cha 58 cha sheria ya barabara ya 1980: kama wanaweza kuonyesha kwamba barabara huikagua kwa utaratibu unaoridhisha na shimo halikuwa limeripotiwa, hawalipi. Nikalipa mwenyewe pauni 212.

Tangu hapo nikiona shimo naripoti siku hiyohiyo na picha, na kiatu pembeni kuonyesha kina. Atakayeingia baada yangu asiambiwe halikujulikana.

---

#6 Utingo Mstaafu

@BintiTanga_UK dada nimecheka hapo kwenye kiatu. Uingereza sikuikwepa, nauli ya feri ndiyo iliyonikwepesha.

@Kivu_Liège kaka, mayai yako yako kwenye trei na lori lako lina springi za upepo. Usinilinganishe.

---

#7 Kariokor254

Mimi niko Ujerumani, Dortmund, na nitatetea kidogo halafu nitakubali mengi.

Hapa kwetu shida kubwa si lami, ni madaraja. Mengi yalijengwa miaka ya sitini na sabini, malori ya leo ni mazito na ni mengi kuliko walivyopiga hesabu. Daraja la Rahmede kwenye A45, karibu na Lüdenscheid, lilifungwa ghafla Desemba 2021 na Mei 2023 likalipuliwa. Miaka hiyo yote malori na kempa zilishushwa mjini, kwenye barabara za milimani ambazo hazikujengewa hiyo kazi. Nilikuwa nafanya kazi upande ule. Mtaa mmoja ulikuwa na lami nzuri tu; baada ya mwaka ulikuwa kama sinia la mandazi.

Halafu kuna zege. Kwenye joto kali mapande yanapanuka, yakikosa pa kwenda yanainuka na kupasuka, ndiyo maana ukiona jua kali wamepunguza mwendo ghafla kwenye zege la zamani usiwapuuze. Na hasa mashariki, kuna vipande vilivyoingiwa na ugonjwa wa zege, kokoto zenyewe zinagombana na saruji mpaka zege linapasukapasuka kama uso wa kinamo kilichokauka.

Lakini mashariki hukohuko zipo barabara kuu laini kuliko zetu, kwa sababu zilijengwa upya baada ya 1990. Ukitoka tu kwenye barabara kuu, ukaingia kijiji cha Brandenburg, utakuta mawe ya kupangwa ya enzi za babu. Kempa utaisukuma kwa mwendo wa kobe.

Wenye kempa inayozidi tani 3.5 (hadi 7.5), mwisho wenu ni 100 kwenye barabara kuu. Msije mkaambiwa Ujerumani hakuna mwisho wa mwendo mkaamini.

---

#8 Fundi Tairi

Nimesoma kimya kimya tangu jana. Utingo, maswali mawili tu kabla hujaihukumu nchi ya watu:

1. Upepo umetia ngapi, mbele na nyuma?
2. Umepima gari kwenye mizani likiwa limejaa, na wewe ndani?

---

#9 Utingo Mstaafu

Upepo bar 5.5 kote. Kwa kipimo cha nyumbani, PSI, ni kama 80. Ndivyo kibandiko cha mlangoni kinavyosema kwa nyuma, na mbele nikaona nilinganishe. Mizani sijapita. Miaka yote ile ya Mikese na Makambako nimeshiba mizani.

---

#10 Fundi Tairi

Basi nusu ya Ubelgiji yako iko ndani ya matairi yako.

Nieleze taratibu. Tairi la kempa lenye alama ya CP lina ubavu mgumu, na watengenezaji wengi wanaandika 5.5 kwa nyuma, kwa sababu kempa inasimama na mzigo wake mwaka mzima, nyuma ndiko kunakoelemewa. Nyuma usiguse bila kuuliza. Lakini mbele kuna uzito mdogo zaidi. Ukitia 5.5 pale ambapo mzigo unataka 4 na kitu, tairi linakuwa gogo. Halibonyei kwenye kiungo, linakirusha kiungo kwenye shokapu, shokapu inakirusha kwenye bodi, bodi inakirusha kwenye sahani za shemeji.

Kinachotakiwa: pima kila ekseli peke yake, gari likiwa kama linavyosafiri, maji, gesi, watu, kila kitu. Halafu mwandikie mtengenezaji wa tairi, mpe uzito wa ekseli na saizi, atakujibu upepo wa tairi hilo. Usikadirie kwa kidole. Upepo mdogo kupita kiasi ni hatari kuliko mwingi, tairi linapata moto na kupasuka.

Ukiwa hapo, soma zile namba nne za mwisho kwenye alama ya DOT. 2314 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kempa hukaa tu, kashata zake zinabaki ndefu, mwenyewe anajidanganya tairi ni jipya wakati mpira umekauka.

Na nyuma umebeba nini? Mwenye mkia mrefu huwa ana siri nyuma.

---

#11 Kibao cha Mbuzi

Siri ya nyuma itoke sasa.

---

#12 Utingo Mstaafu

Jenereta ya binamu. Na vyerehani viwili, vya chuma, vya zamani. Vinasubiri kontena la Dar tangu Mei. Sikuwa na pa kuviweka.

---

#13 BintiTanga_UK

Kaka. Umezunguka Hispania na jenereta ya binamu?

---

#14 Mpemba wa Kaskazini

Assalaam alaykum. Nami nitie langu wakati mwenzetu anatafuta mizani.

Mimi niko Uswidi kaskazini, kazi yangu hunipeleka Norwei na Ufini. Ndugu zangu wa kusini mwazungumza mashimo. Huku ardhi yenyewe huinuka. Maji yaliyo chini ya barabara huganda, hufura, lami huja juu kama kitumbua. Ikifika majira ya kuyeyuka, pale palipofura pazama. Ufini hukuwekea kibao kabisa, *Routavaurioita*, yaani barabara imeharibiwa na barafu ya ardhini, na ukikiona usipime kama wanatania. Barabara yaonekana safi, nyeusi, wala haina ufa, kumbe ni mawimbi. Kempa yenye mkia mrefu hupanda mbele ikashuka nyuma kama jahazi mkondo wa Pemba. Mke wangu hutapika barabarani, baharini hatapiki.

Jengine ni misumari ya matairi ya baridi. Watu hutembea nayo miezi mingi, husaga lami kidogokidogo, mwishowe pana mifereji miwili pale magurudumu yapitapo. Kempa ni pana kuliko gari dogo, mifereji haikukai sawa, basi siku nzima usukani wakuvuta. Mvua ikinyesha maji hukaa mlemle.

Norwei nzuri ila nyembamba. Lami si tatizo, tatizo ni kioo chako na kioo cha basi linalokuja. Handaki la Lærdal kilomita 24 na nusu, ndani mna taa za buluu kukufanya usisinzie.

Nami nakubaliana na Fundi. Mwaka wa kwanza nililaumu nchi tatu, kumbe bushi za mbele zimekwisha.

---

#15 Kariokor254

@Mpemba wa Kaskazini "kama kitumbua" imeniua.

Kuna aliyefika Ureno?

---

#16 Mgeni wa Faro

Mimi, wiki sita. Barabara kuu nzuri sana na magari machache. Zile za kusini na za bara zilizokuwa zinatoza kwa kamera, ikiwemo A22 ya Algarve, ziliachwa bure tangu Januari 2025, kwa hiyo kichwa hakiumi tena. Ila miji ya zamani imetandikwa vijiwe vidogo, vikilowa vinateleza kama sabuni, na mitaa inapanda wima. Paki nje, ingia kwa miguu.

---

#17 Utingo Mstaafu

Nimerudi, na aibu yangu mkononi.

Jumamosi nimekwenda kwenye mizani ya wauza mchanga. Euro 10. Kijana wa pale akanipimisha mara tatu: lote, mbele, nyuma. Tangi limejaa, maji nusu, sisi wanne ndani, jenereta na vyerehani mahali pake.

Lote: kilo 3,610.
Mbele: 1,480.
Nyuma: 2,130.

Kadi yangu inaruhusu 3,500, na nyuma mwisho 2,000. Yaani nimezunguka nchi kumi nimezidisha nyuma kilo 130. Kule Dar-Tunduma dereva wangu angelala Mikese.

Nikashusha mzigo wa binamu, kilo 140 kwa makadirio ya kijana, nikarudi juu ya mizani. Lote 3,470. Sasa angalieni hapa: mbele 1,540, nyuma 1,930. Nimetoa 140, nyuma imepungua 200, mbele *imeongezeka* 60. Nikadhani mizani mbovu.

---

#18 Fundi Tairi

Mizani nzima. Ni bembea. Mzigo wako ulikuwa nyuma ya ekseli, karibu mita moja na robo tatu, kwa hiyo ulikuwa unakalia mkia na kunyanyua pua. Nyuma ilibeba mzigo wenyewe pamoja na uzito ulioibwa mbele. Ndiyo maana kwenye viungo gari lilikuwa linapiga mgongo: mbele jepesi na tairi gogo, nyuma zito linachapa mpaka mwisho wa springi. Na mbele jepesi ndipo penye usukani na magurudumu yanayovuta, kwenye mvua ungejua.

Sasa mwandikie mwenye tairi.

---

#19 Utingo Mstaafu

Amenijibu kwa siku tatu: mbele 4.3, nyuma 5.5 palepale. Matairi yenyewe ni ya 2018, naagiza mapya kabla ya safari ijayo.

@Kivu_Liège, Jumapili nakuja E411 na sahani zilizobaki. Chagua mahali.

---

#20 Kivu_Liège

Pita Namur, shuka Dinant, mimi niko huko na watoto kando ya mto. Ukifika na sahani nzima, chipsi ni juu yangu.

---

#21 Utingo Mstaafu

Ripoti ya Jumapili.

Baada ya mpaka wa Breda: dum-dum ipo. Sikuiota. Lakini sasa ni dum-dum ya mbali, kama ngoma ya kijiji cha pili. Mama watoto aliondoa ile taulo aliyokuwa akiisokomeza kabatini tangu Julai. Baada ya Brussels kuna kipande kirefu kweli kinavuma bila kukata, vuuuuu, kama alivyosema Kivu. Pale kabla ya Namur palipofunguka kabati, nilipunguza mwendo nikasubiri kwa meno kuuma. Vikombe viligongana mara moja. Mlango haukufunguka.

Kwa hiyo narekebisha orodha. Ubelgiji inapanda, inakaa juu ya Italia na sawa na Ujerumani. Italia haipandi, mizizi ni mizizi, na ule mkono mzima wa A10 nadhani hata kwa upepo sahihi ungenipiga makofi. Hispania inabaki kileleni: kama ilikuwa kimya na jenereta nyuma na tairi gogo, sijui ingekuwaje sasa. Tuta za Hérault nazo nafikiri nizitolee msamaha nusu, mkia ulikuwa umeshuka. Nusu tu.

Binamu amepiga simu kuuliza vyerehani viko wapi. Viko varandani, vimefunikwa turubai.

---

#22 Kibao cha Mbuzi

Na achari?

---

#23 Kivu_Liège

Imeisha. Tumeila na chipsi, Dinant. Chupa ninayo mimi.